Kabla hamjachapisha fulana: nani hasa ananunua?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana cha mazingira hapa Tabata. Tumepata fedha kidogo za kufanya kampeni ya kupunguza ununuzi wa bidhaa zinazotokana na wanyamapori walio hatarini kutoweka. Wenzangu wanataka tuchapishe mabango na fulana zenye picha ya tembo aliyekatwa uso na maneno "Acha kuua tembo". Mimi nasita, maana tangu nizaliwe sijamwona mtu wa mtaani kwetu akinunua meno ya tembo. Ninachokiona ni mafuta ya simba, magamba ya kakakuona kwa waganga, na nyama ya porini inayoletwa kwa kificho. Tufanyeje? Na hivi kumfanya mteja aache kununua kunawezekana kweli, au ni maneno ya semina tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeshafanya kazi ambayo kampeni nyingi zenye fedha kuliko yenu hazikuifanya: umeangalia mtaani kwako nani ananunua nini. Shikilia hapohapo, usikubali mtu akutoe kwa sababu tu picha ya tembo itapendwa kwenye simu.

Nianze na tembo wenyewe, ili uwe na la kuwaambia wenzako kwenye kikao. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ikakuta 43,000 na kidogo. Ndani ya miaka mitano zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha, wengi wao Selous na ukanda wa Ruaha na Rungwa. Mnunuzi wa mwisho wa meno yale hakuwa Tabata. Alikuwa mbali, China na nchi nyingine za Asia, akitaka mhuri wa jina lake, sanamu ya sebuleni, au zawadi ya kumlainisha mkubwa fulani. Dar es Salaam ilikuwa ghala na mlango wa kutokea. Pengine unakumbuka ile nyumba ya Mikocheni iliyovamiwa Novemba 2013: meno 706 yamefichwa chini ya magunia ya vitunguu saumu na makombe ya konokono. Wale walikuwa wasafirishaji. Mtu wa kampeni za wateja hana la kuwaambia wasafirishaji. Hao ni wa polisi na mahakama. Kwa hiyo bango lenu la tembo likibandikwa Tabata litakuwa sawa na kuwatangazia abiria wa Mbagala kwamba gari la Mbezi limejaa. Wataelewa, watasikitika, na hakuna atakayebadilisha safari.

Sasa hilo la semina. Inawezekana, na mfano mkubwa ni hayohayo meno ya tembo. Watafiti waliokuwa wakifuatilia bei ya jumla ya meno ghafi nchini China walikuta kilo moja ikiuzwa karibu dola 2,100 mwanzoni mwa 2014. Mwanzoni mwa 2017 ilikuwa imeshuka hadi dola 730 hivi. Angalia tarehe vizuri: amri ya China ya kufunga kabisa biashara ya ndani ya meno ya tembo ilianza kutekelezwa mwisho wa Desemba 2017. Bei ilikuwa imeshaporomoka kabla. Kwa nini? Serikali ilitangaza mapema, tangu 2015, kwamba itafunga soko, basi aliyekuwa ananunua ili auze baadaye akaona atakwama na mzigo. Uchumi ulipungua kasi. Kukawa na msako dhidi ya rushwa uliowafanya maofisa waogope kupokea zawadi za kifahari. Na juu ya hayo watu mashuhuri walikuwa kwenye televisheni miaka mingi wakieleza kwamba jino halidondoki lenyewe kama la mtoto. Wapo wanunuzi waliokuwa wakiamini kwa dhati kwamba linadondoka lenyewe. Supu ya mapezi ya papa nayo ilishuka China kwa njia inayofanana. Mchezaji wa kikapu Yao Ming alianza kuikataa hadharani mwaka 2006, na miaka michache baadaye serikali ikaiondoa kwenye karamu zake. Ikawa mwenyeji asiyeandaa supu ile haonekani tena bahili, na ukitazama vizuri, hiyo ndiyo sababu iliyokuwa ikiwafanya wengi waiandae.

Utaona hakuna bango moja lililofanya kazi hiyo peke yake. Anayekuambia matangazo yake ndiyo yaliyookoa tembo anatafuta mfadhili. Lakini anayesema wateja hawabadiliki naye hajaangalia bei.

Kuna somo jingine katika mkasa huo, na nitalirudia nikifika kwenye nyama. Mwaka 2008, chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe ziliruhusiwa kuuza akiba yao ya meno, zaidi ya tani 100, kwa China na Japani. Hoja ilikuwa kwamba bidhaa halali itamwondoa jangili sokoni. Wachumi wanabishana mpaka leo kama ilisaidia au iliharibu. Mimi niko upande wa wanaosema iliharibu, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mteja aliyeingia dukani Beijing aliona cheti ukutani, akaona meno, akatoa fedha. Hakuwa na namna ya kujua jino lipi limetoka kwenye mnada na lipi limetoka Selous wiki sita zilizopita. Na alipoona linauzwa wazi, aibu ikamtoka.

Turudi Tabata.

Chukua ile chupa ya mafuta ya simba. Umeiona: ndogo, haina jina wala tarehe, mafuta ya njano yaliyoganda nusu, imesimamishwa kwenye meza pamoja na mizizi, magome, mkia wa mnyama na kipande cha ngozi chenye madoa. Sikiliza muuzaji anavyofanya kazi, maana ni mtaalamu kuliko wengi wetu tuliosomea mawasiliano. Hasemi habari za simba hata kidogo. Anamtazama mzee anavyotembea, anamuuliza, "Mgongo unakusumbua tangu lini, baba?" Mzee anasimama. Anaeleza mgongo, anaeleza goti, anaeleza usiku asivyolala. Anasikilizwa dakika kumi, jambo ambalo pengine hakulipata zahanati. Mwisho wa mazungumzo chupa inauzika yenyewe. Simba anaingia mwishoni kabisa, kama muhuri: hii si ya kawaida.

Hapo mzee amenunua nini? Amenunua kusikilizwa, matumaini ya kulala usiku, na nguvu ya jina la mnyama. Kampeni inayomwambia "simba wanakwisha" haijagusa hata kimoja. Tena vijana wengi hukimbilia hoja ya pili: "Baba, hayo ni feki, ni mafuta ya ng'ombe tu." Kwa macho kweli huwezi kuyatofautisha, na si ajabu ikawa hivyo. Lakini fikiria anachosikia mzee. Anasikia kwamba alikosea muuzaji, na kwamba ya kweli yako mahali, yana bei kubwa zaidi. Mmempandisha daraja kutoka mteja wa feki kuwa mteja wa simba. Hoja ya feki muitumie pale tu mnapojua mtu hana hamu ya kutafuta halisi.

Mzee wa mgongo anahitaji kujua hospitali ya mkoa ina mazoezi tiba ya viungo, yanapatikana siku gani, bei gani, anapanda gari gani. Najua inachosha kusikia. Kikundi cha mazingira kinataka kusema habari za simba, mimi nakupeleka kwenye mgongo wa mzee. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Kakakuona ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona kikundi chenu kinaweza kufanya jambo. Huyu mnyama kwetu ana heshima ya zamani. Wazee katika sehemu nyingi za nchi wamekuwa wakimwekea mbele maji, nafaka, jembe, silaha, wakatazama anaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje: mvua, shibe au vita. Utabiri ule haukuhitaji kumuua. Kuonekana kwake kulikuwa tukio. Biashara ya magamba ni kitu tofauti. Gamba lake ni keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha zako na pembe ya faru. Asia lilitumika katika dawa za jadi, na kwa sababu hiyo jamii zote nane za kakakuona duniani zilizuiwa kuuzwa kimataifa kuanzia Januari 2017, na mwaka 2020 China ikaliondoa gamba kwenye orodha yake rasmi ya dawa. Mnyama mwenyewe huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na akifungiwa hufa upesi. Hakuna atakayemfuga ili kuziba pengo.

Lakini mteja wenu wa Tabata hajali Asia. Mteja wenu, kama mtaa wenu unafanana na ninayoijua, ni mwenye kibanda cha M-Pesa, mama wa duka la rejareja, au dalali wa viwanja. Anaogopa chuma ulete, uchawi unaosemekana kuvuta fedha za mtu. Anafunga hesabu jioni, fedha hazilingani na mzigo uliotoka. Anaambiwa akafukize gamba dukani na kuweka kipande kwenye droo. Ukimwambia chuma ulete hakuna, mazungumzo yameisha hapo, hata usijaribu. Ukimuuliza, "Mama, jana uliuza soda ngapi, na ulimkopesha nani?" mara nyingi utakuta hakuna daftari, au daftari lipo na mikopo ya majirani haimo. Fedha zimepotea kweli, ila zimepotea kwa njia ya kawaida. Mwenzake wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, aliyeanza kuandika kila shilingi na sasa anajua zinakokwenda ndiye anayeweza kumwambia hayo. Mimi siwezi, na ninyi wenye fulana hamuwezi. Kama kuna pesa moja ningeitumia kwanza, ningeipeleka kwenye vikao vitatu vinne vya VICOBA kufundisha daftari la mauzo, na habari ya kakakuona ningeiweka mwishoni, fupi, pamoja na sheria.

Sheria yenyewe muisome kabla ya kuisema. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, gamba, jino, ngozi, kucha au nyama ya mnyamapori ni nyara ya Serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama hukuua mnyama. Kifungo kinaweza kufika miaka 20 hadi 30. Watu wengi wanadhani anayebanwa ni mganga au jangili. Yule mama wa duka hajui kwamba kipande kilichomo kwenye droo yake kinamhusu yeye. Mwambieni kwa upole, kama mtu anayemtakia mema, si kama askari. Na msitie chumvi: akiona mitaani hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kipande cha kwenye droo, na ninyi mmemtishia kwamba kesho atakamatwa, hatawaamini tena hata kwa lililo kweli.

Nina maonyo juu ya maneno ya kutumia, maana kampeni hii inaweza kuongeza wateja badala ya kuwapunguza. La kwanza ni bei. Mwenye shaka akumbuke Februari 2019, Mahakama ya Kisutu ilipomhukumu mfanyabiashara Mchina Yang Fenglan miaka 15 jela kwa magendo ya meno ya tembo: karibu kila taarifa ilitaja meno 860 yenye thamani ya shilingi bilioni 13. Waandishi walikuwa wanaonyesha ukubwa wa kosa. Kijana asiye na kazi alisikia ukubwa wa faida. Msitaje bei ya kitu chochote, kamwe. La pili, msitaje kinatibu nini, hata kwa kukanusha. Ukiandika "magamba ya kakakuona hayaondoi nuksi", umewafundisha mia mbili ambao hawakuwa wamesikia kwamba yanaondoa nuksi. La tatu, hili la "wamebaki wachache sana". Kwa mpenda wanyama ni huzuni. Kwa anayenunua ili aonekane ana uwezo, uchache ndio utamu wenyewe.

La nne lina utafiti wa wazi nyuma yake. Katika hifadhi moja ya Arizona, Marekani, yenye miti ya kale iliyogeuka mawe, wageni walikuwa wakiiba vipande. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakaweka mabango ya aina mbili. Lililosema wageni wengi waliopita wamechukua vipande na kuharibu hifadhi lilifuatiwa na wizi wa karibu vipande 8 katika kila 100 vilivyotegwa. Lililoomba tu watu wasichukue lilifuatiwa na wizi chini ya vipande 2. Bango la kwanza lilikuwa na nia njema na lilisema kweli, lakini msomaji aliondoka na ujumbe mmoja: kila mtu anachukua. Basi msiandike popote kwamba "Watanzania wengi wanatumia nyara". Kwanza huenda si kweli. Wengi wa mtaani kwenu hawanunui, na hilo ndilo la kusemwa.

Hapo utaniuliza, tutajuaje ni wangapi, na hakuna atakayekiri? Ukimwuliza mtu barazani, "Mama, una gamba la kakakuona?" atakujibu hapana hata kama analo mfukoni. Ipo njia ya sarafu. Unampa mtu sarafu ya shilingi mia, anairusha peke yake, wewe huoni. Mmekubaliana: ukipata kichwa, sema "ndiyo" bila kujali ukweli, ukipata mwenge au upande wowote ule mwingine, jibu kweli. Sasa akisema "ndiyo" huwezi kujua ni sarafu au ni yeye, na yeye anajua kwamba hujui. Tuseme mmewauliza watu 100. Takriban 50 watasema ndiyo kwa ajili ya sarafu. Mkipata ndiyo 62, basi 12 za ziada zimetoka kwa wale 50 waliojibu kweli, yaani karibu robo. Kwa watu 100 makadirio hayo bado ni ya kuyumba, mkifika 300 mtakuwa na namba ya kusimamia. Lifanyeni jaribio kwanza ninyi kwa ninyi kwa swali la kipuuzi, kama nani hula kiporo cha wenzake nyumbani, mpaka kila mtu aelewe utaratibu. Na msiandike jina la mtu. Fanyeni hivyo mwanzo, mrudie baada ya miezi sita, na mfanye vivyo hivyo katika mtaa wa jirani ambao hamjaufikia. Mkishuka ninyi na wao wakashuka sawasawa, si kazi yenu iliyofanya hivyo.

Mabango mangapi yamebandikwa na watu wangapi wamehudhuria ni hesabu za mfadhili. Mpeni, maana atazidai. Ila msizichanganye na matokeo.

Kuhusu waganga: msianze nao kwa ugomvi. Nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na baraza linalosajili watoa huduma. Mganga aliyesajiliwa ana cha kupoteza, na wengi wao dawa zao ni za mimea kwa sehemu kubwa. Kaa naye, muulize kwa mteja wa namna hii anatumia nini kama gamba halipo. Mara nyingi kipo kitu. Akikubali kusema mwenyewe mbele ya wateja wake kwamba gamba hahitaji, hilo lina uzito kuliko mabango yenu yote. Mfano mzuri uko Afrika Kusini, katika kanisa la Shembe. Waumini wanaume huvaa ngozi ya chui wanapocheza dansi ya ibada, na chui walikuwa wakiisha kwa ajili hiyo. Wahifadhi wa Panthera, shirika la kulinda chui, simba na jamii yao, hawakwenda kuwaambia waache ibada. Walitengeneza vazi la bandia linalofanana kwa karibu, wakazungumza na viongozi, na kuanzia 2013 maelfu ya mavazi hayo yakagawiwa. Ibada ipo, dansi ipo.

Dini zetu nazo zina nafasi. Baraza la maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2014 kwamba uwindaji na biashara haramu ya wanyama walio hatarini ni haramu. Sisemi mumwandikie sheikh hotuba, na mchungaji vilevile. Hawapendi, na wana haki. Mpelekeeni swali. Muulizeni hirizi ya gamba ina hukumu gani, mafuta ya mnyama mwenye meno ya kuwinda yana hukumu gani, kuficha nyara nyumbani kuna hukumu gani. Jibu lake litakuwa la kwake, na waumini watalisikia hivyo.

(Kwenye orodha yenu ya mambo mtaani nimeona hukutaja mavi ya tembo yanayofukizwa kwa mtoto mwenye degedege. Mkiyakuta, hayaui tembo yeyote, msipoteze muda nayo kama suala la uhifadhi. Ila mtoto mwenye degedege akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni malaria kali.)

Nyama ya porini nitaipitia kwa haraka zaidi kwa sababu njia yake ni rahisi. Mteja wake hana shida ya kiroho wala ya mgongo. Anapenda ladha, anapenda kusema kwenye sherehe kwamba hii ni swala, au ni bei nafuu tu. Tangu 2020 kuna kanuni zinazoruhusu bucha za nyamapori zenye usajili, nyama ikitoka katika uwindaji wenye kibali. Kwa hiyo mlaji ana mahali halali pa kwenda. Hatari ni ileile ya Beijing: halali ikikaa jirani na haramu bila alama, mlaji hatofautishi, na mwenye bodaboda atasema "imetoka buchani". Alama hapa ni stakabadhi. Wafundisheni watu jambo moja: hakuna stakabadhi, hakuna nyama. Mwongezeeni na kimeta, ugonjwa wa wanyama unaoambukiza watu. Mnyama aliyekufa porini kwa kimeta hana tangazo usoni, na nyama iliyopita usiku haikuonwa na daktari wa mifugo. Hoja hiyo inamfikia baba anayelisha watoto kuliko hoja yoyote ya ikolojia. Wenye ndugu Pwani au visiwani waambiwe pia habari ya kasa. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa kwa sumu baada ya kula nyama ya kasa, na kupika hakuiondoi sumu ile.

Jambo la mwisho ni usalama wenu, na hapa sitanii. Agosti 2017 Wayne Lotter, aliyefanya kazi kubwa dhidi ya mitandao ya ujangili, alipigwa risasi akauawa Masaki, hapahapa Dar. Kazi yenu ni wateja. Msipige picha wauzaji, msijifanye wanunuzi ili kunasa watu, msifuate gari la nyama. Mkipata taarifa nzito, mmoja wenu mtu mzima aipeleke kwa ofisa wanyamapori au TAWA, mamlaka ya Serikali ya usimamizi wa wanyamapori, kisha mnyamaze. Na vijana wasiulizane kwenye kundi la WhatsApp nani ametaja nani.

Sasa fulana. Usizipinge zote, utapoteza kikao. Waambie wachapishe chache za kwenu wenyewe, ziwe sare ya kazi, zenye jina la kikundi na mtaa, bila tembo na bila damu. Mtu akifunguliwa mlango na vijana sita wenye maiti ya tembo kifuani hatarusha sarafu yenu kwa utulivu. Fedha inayobaki iende kwenye dodoso, nauli, daftari za VICOBA na chai ya vikao. Anzeni na kakakuona peke yake, mitaa miwili, miezi sita. Ukishapata hizo namba za kwanza za sarafu, niandikie kabla hamjatunga neno hata moja la ujumbe, tuone kwanza nani ananunua.